Pale Springi Inapokwama: Maandalizi ya Pikipiki Kabla ya Daino na Shokomzoba Mpya

Pikipiki iliyosimama wima, ikiwa na mpandaji wake juu ya kiti, haina kimo kimoja. Ikikandamizwa kidogo kwa mkono kisha ikaachiwa ipande yenyewe, husimama mahali fulani. Ikiinuliwa kidogo kisha ikaachiwa ishuke taratibu, husimama mahali pengine, juu zaidi ya pale pa kwanza, ilhali uzito wa mpandaji haukubadilika na springi ni ileile. Tofauti hiyo, ambayo katika shokomzoba za mbele inaweza kuzidi sentimita nzima, ndiyo chimbuko la makala haya, kwa sababu mtu anayelipia springi mpya au anayekodi muda wa kupimiwa injini kwa kawaida huamini kwamba hali ya pikipiki yake inajulikana tayari, na kwamba kilichobaki ni kuiboresha tu.

Aliyelieleza jambo hili kwa uwazi mkubwa ni Paul Thede, mhandisi wa mitambo wa Marekani na mwanzilishi wa kampuni ya Race Tech huko Corona, California, ambaye pamoja na Lee Parks alichapisha mwaka 2010 kitabu kizima juu ya mifumo ya springi na shokomzoba za pikipiki. Mafundisho yake huanzia kwenye kipimo ambacho hapa kitaitwa mshuko, yaani umbali ambao pikipiki huzama juu ya springi zake inapobeba mpandaji aliyevaa mavazi yake yote ya barabarani. Kipimo hicho hakihitaji zaidi ya futi ya utepe na wasaidizi wawili, lakini Thede hudai kifanywe kwa utaratibu ambao gereji nyingi huuruka.

Kwanza gurudumu la nyuma huinuliwa mpaka springi inyooke kabisa, kisha hupimwa umbali wa kutoka kwenye ekseli hadi alama iliyowekwa kwenye fremu moja kwa moja juu yake. Baada ya hapo mpandaji hukaa katika mkao wake wa kuendesha, msaidizi mmoja akishika usukani, na msaidizi wa pili huikandamiza pikipiki kiasi cha milimita 25, huiachia ipande polepole bila kuirusharusha, na hupima pale iliposimama. Kisha huiinua kiasi hichohicho, huiachia ishuke polepole, na hupima tena. Vipimo hivi viwili vya mwisho havitalingana, kwa kuwa msuguano wa sili, wa bushi na wa beringi huizuia pikipiki isifike pale ambapo springi peke yake ingeifikisha, na Thede hafichi hilo wala halichukulii kuwa kosa la mpimaji. Jibu, kwa hesabu yake, limo katikati: wastani wa vipimo hivyo viwili hutolewa kutoka kwenye kipimo cha kwanza, na kinachobaki ndicho mshuko.

Mfano wa tarakimu huonyesha uzito wa jambo hili. Tuseme kipimo cha kwanza ni milimita 600, cha pili 562 na cha tatu 570. Wastani wa viwili vya mwisho ni 566, hivyo mshuko ni milimita 34, ambao unaangukia ndani ya kiwango anachokitaja Thede kwa pikipiki za barabarani, yaani kati ya 30 na 35. Fundi aliyeishia kwenye kipimo cha pili angepata 38 na kuagiza springi ngumu zaidi. Aliyeishia kwenye cha tatu angepata 30 na kuona mambo ni shwari. Wote wawili wangekuwa wamepima kwa uaminifu, na mteja mmojawapo angelipia kitu asichokihitaji.

Kuna faida nyingine ndani ya tofauti hiyo. Thede huitumia kama kipimo cha afya ya chombo: katika mfumo wa nyuma uliotunzwa vizuri sana vipimo viwili hupishana kwa milimita 3 hivi, na vinapopishana kwa 10 ni dalili kwamba viungo vinavyounganisha shokomzoba na mkono wa gurudumu vimekauka grisi au vimeliwa na kutu. Ina maana kwamba pikipiki yenyewe hutoa taarifa ya ugonjwa wake kabla ya boliti yoyote kufunguliwa. Kwa mbele, chanzo kimojawapo cha msuguano ni cha kusikitisha kwa jinsi kilivyo rahisi kuepukwa: ekseli hukazwa huku miguu miwili ya shokomzoba ikiwa haijakaa sambamba, nayo huendelea kubanana kila inapopanda na kushuka. Tiba yake ni kukaza ekseli upande mmoja, kuikandamiza pikipiki mara kadhaa ili mguu ulio huru utafute mahali pake wenyewe, ndipo boliti za chini za mguu huo zikazwe. Kazi hiyo haihitaji kipuri hata kimoja, na mtu aliyenunua springi za bei kubwa bila kuifanya amenunua sehemu tu ya springi hizo.

Hatua inayofuata ni kuishusha pikipiki ibaki na uzito wake yenyewe, mpandaji akiwa chini. Nyuma inapaswa bado kuzama milimita chache. Isipozama kabisa ilhali mshuko wa mpandaji umefikia kiwango, watu wengi huhitimisha kwamba springi ni ngumu mno, na Thede hufundisha kinyume chake: springi ni laini mno, na imebanwa kupita kiasi ili imudu kumbeba mpandaji. Kubana huko, yaani mkazo wa awali unaowekwa kwa kuzungusha ringi iliyo juu ya springi, hubadilisha kimo cha pikipiki na hakubadilishi ugumu wa springi hata kidogo. Ni jambo linalostahili kurudiwa katika kila gereji, kwa sababu ringi hiyo huzungushwa kila siku kwa matumaini ambayo haiwezi kuyatimiza.

Maandalizi ya injini kabla ya daino hufuata mantiki hiyohiyo, ingawa hapa mambo yanafahamika zaidi. Daino ni mtambo wenye pipa zito la chuma ambalo tairi la nyuma hulizungusha. Kwa kuwa ukinzani wa pipa hilo dhidi ya kubadilishwa mwendo unajulikana, jinsi linavyoharakishwa hubainisha nguvu inayofika kwenye gurudumu. Aina hii ilienezwa duniani na kampuni ya Dynojet, iliyoanzishwa na Mark Dobeck. Kila kitu kilichopo kati ya pistoni na pipa huingia kwenye jibu: cheni kavu, breki inayobana bila kukandamizwa, tairi lenye upepo pungufu. Kwa hiyo cheni husafishwa na kulegezwa kwa kiasi kilichoandikwa na mtengenezaji, oili hubadilishwa na kujazwa hadi kiwango chake bila kuzidi, chujio la hewa na plagi hukaguliwa, na tangi hutiwa petroli ileile itakayotumika barabarani. Ekzosi isiyobana vizuri ni adui wa pekee, kwani hufyonza hewa ya nje na kukidanganya kihisi cha oksijeni, kikaonyesha mafuta machache kuliko yaliyopo, na fundi akaongeza mafuta yasiyohitajika. Kikemia, petroli huungua kikamilifu kwa sehemu 14.7 za hewa kwa sehemu moja ya mafuta, lakini nguvu kubwa zaidi hupatikana karibu na 13, na nafasi hiyo nyembamba haina uvumilivu kwa ekzosi iliyotoboka.

Tarakimu za daino nazo hurekebishwa kwa hali ya hewa. Kanuni ya Marekani iitwayo SAE J1349 huhesabu kana kwamba kipimo kilifanyika katika nyuzijoto 25 na mgandamizo wa hewa kavu wa kilopaskali 99, hali inayofanana na ya pwani. Kwa mwenye pikipiki wa Nairobi, mji ulio juu ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, karatasi iliyorekebishwa itaonyesha nguvu ambayo injini yake isiyo na turbo haitaitoa kamwe barabarani hapo, na kabureta iliyowekwa sawa Mombasa itamwaga mafuta kupita kiasi ikipandishwa Nairobi.

Yapo maswali ambayo utaratibu huu haujayajibu. Thede humpima mpandaji mmoja anayejulikana, ilhali bodaboda wa Afrika Mashariki hubeba abiria mmoja asubuhi, wawili mchana na gunia jioni, kwa shokomzoba zilezile ambazo ringi zake zina ngazi chache tu. Mshuko upi ndio wake? Je, apimwe akiwa peke yake, au akiwa na mzigo ambao ndio riziki yake? Na kwa nini fundi humuuliza mteja ukubwa wa injini kabla ya kumuuliza uzito wake wa mwili?

Mwenye pikipiki anayekusudia kubadilisha springi basi na adai kwanza karatasi yenye vipimo vitatu vya nyuma na vitatu vya mbele, vilivyochukuliwa akiwa amekaa juu ya kiti na mavazi yake, na asilipe hata senti ya kipuri kipya kabla ya ekseli kulegezwa, kusawazishwa na kukazwa upya.