Mnataka bonanza la mieleka? Someni hapa kwanza



Wiki hii nimeulizwa swali moja na watu kama wanne: hivi mashindano ya mieleka ya vijana yanaandaliwaje? Naelewa linakotoka. Huku kwetu Nyantakara likizo ikifika tu vijana wanakamatana. Jioni mpira ukiisha duara linaundwa, wakubwa wanaweka dau, dogo wa darasa la sita anapangwa na jitu la form three, na refa ni yule mwenye sauti kubwa kuliko wote. Likizo moja dogo alivunjika mtulinga. Akapakiwa mshikaki kwenye bodaboda kupelekwa zahanati, mkono unaning'inia, na nyuma watu wanabishana nani kashinda dau.

Sasa kuna watu wanataka kulifanya liwe bonanza kabisa, na zawadi na kipaza sauti. Mimi sipingi. Ila nimekaa kafe nikasoma kanuni za shirikisho la mieleka duniani, UWW (zamani likiitwa FILA, lilibadili jina 2014), nikaona vitu vingi vinavyomlinda kijana havihitaji mamilioni. Vinahitaji mzani, mchanga, saa na refa anayesikilizwa. Twende moja moja.

KWANZA TUTENGANISHE MIELEKA NA VIDEO

Mieleka siyo kitu cha kuletewa na TV. Majirani zetu Warundi na Wanyarwanda wanaita gukirana, Baganda wana ekigwo, Senegali wana laamb ambayo inajaza viwanja kama Simba na Yanga. Na siyo ya wanaume tu. Mieleka ya wanawake iliingia Olimpiki Athens mwaka 2004, na kwenye michezo ya Tokyo (iliyofanyika 2021) dada wa Nigeria, Blessing Oborududu, alichukua medali ya fedha.

Ile ya WWE mnayoangalia kwenye mabanda ya video ni maigizo. Mshindi anajulikana kabla, na wale jamaa wamefundishwa miaka kuanguka na kuangushana. Na hata hivyo wanaumia kweli. Mwezi wa nane 1997 Steve Austin aligeuzwa kichwa chini na Owen Hart, kichwa kikatua vibaya, shingo ikaumia, kwa muda akashindwa hata kunyanyuka vizuri. Hao ni watu wazima, wamezoea, tena walikuwa wamepanga. Sasa wewe unamfanyia mdogo wako ile ya Undertaker kwenye uwanja wa shule, udongo mkavu kama saruji?

Wenzetu Uganda, pale Mukono, walianzisha kundi la Soft Ground Wrestling mwaka 2023, wanacheza maigizo ya aina hiyo kwenye ulingo wa tope uliozungushiwa mianzi. Video zao zimezunguka dunia nzima. Angalieni hata jina lenyewe: ardhi laini. Hawakuwa na ulingo wa kisasa, lakini walijua mtu hatupwi kwenye ardhi ngumu.

UMRI NA UZITO

Hapa ndipo sisi tunapoharibu zaidi. Kwenye kanuni za dunia, kundi la chini ya miaka 15 ni la watoto wa miaka 14 na 15. Wa miaka 13 anaruhusiwa kwa cheti cha daktari na ruhusa ya mzazi. Kundi linalofuata, chini ya 17, ni la miaka 16 na 17. Kisha linakuja la chini ya 20.

Ndani ya kila kundi kuna madaraja ya uzito. Kwa wavulana wadogo wa mtindo huru madaraja ya chini yamekuwa kilo 38, 41, 44, 48, 52 na kuendelea. Ona tofauti: kilo 3, kilo 4. Kwa hiyo mtoto wa kilo 40 hakutani na wa kilo 55 hata kama wote wako darasa moja na wote wanatamba.

Najua mtasema huku cheti cha kuzaliwa wengine hawana. Sawa, tumieni kadi ya kliniki au orodha ya shule, na mwalimu awepo kuthibitisha. Mzani ombeni zahanati au dukani, mradi kila mtu apimwe kwenye mzani huohuo, asubuhi ya siku ya mashindano, na namba iandikwe kwenye daftari mbele ya watu. Ukikosa wa kumpanga naye, huyo dogo hachezi. Apewe soda akae aangalie.

MSICHEZEE KUPUNGUZA UZITO

Mkishaanza kupima uzito, wajanja watatokea. Mtu ana kilo 50, anataka aingie 48 ili awaonee wadogo. Anaanza kushinda njaa, hanywi maji, anakimbia juani na masweta matatu.

Jamani, hiyo inaua. Marekani mwaka 1997, kati ya Novemba 7 na Desemba 9, wanafunzi watatu wa vyuo walikufa wakijaribu kupunguza uzito kwa ajili ya mieleka. Walikuwa wanafanya mazoezi makali kwenye vyumba vya joto wakiwa wamevaa nguo zisizopitisha hewa, huku wakijinyima maji. Mwili ukikosa maji damu inakuwa nzito, joto linapanda, moyo na figo vinashindwa. Baada ya hapo vyuo vya kule vilipiga marufuku zile nguo na vyumba vya joto, na muda wa kupima uzito ukasogezwa karibu na pambano, ili mtu asipate nafasi ya kujikausha halafu akajaza maji usiku kucha.

Kwa bonanza letu sheria iwe rahisi: unacheza kwa uzito ulioamka nao. Atakayeonekana midomo imekauka na kizunguzungu juu, anatolewa. Na maji ya kunywa yawepo uwanjani, ndoo safi yenye mfuniko na vikombe, mapambano yasiwekwe saa saba mchana.

ARDHI

Mkeka rasmi wa mieleka una duara la mita 9 pamoja na ukingo wa mita 1.5 kila upande, jumla mraba wa mita 12 kwa 12. Huo hatuna na sitawadanganya kwamba tutaupata kesho.

Lakini kuna habari nzuri. Shirikisho hilohilo lina mieleka ya ufukweni, inayochezwa kwenye mchanga, na imo kwenye ratiba ya Michezo ya Olimpiki ya Vijana ya Dakar 2026, ya kwanza ya Olimpiki kupewa nchi ya Afrika. Hii inatufaa kuliko kitu chochote. Duara lake ni mita 7 tu. Pambano ni dakika 3, wa kwanza kufika pointi 3 kashinda. Ukimtoa mwenzako nje ya duara pointi 1, ukimwangusha pointi 1, ukimtupa akatua chali pointi 3. Akishaanguka refa anawasimamisha mnaanza upya, hakuna kugaragazana chini na kukabana. Hata babu aliyekuja kutazama anaielewa kwa dakika moja.

Nimepiga hesabu: duara la mita 7 likijazwa mchanga wa kina cha sentimita 30 ni kama mita za ujazo 11.5. Hizo ni tripu mbili tatu za lori. Vijana wenyewe wakichimba na kupakia mtoni, gharama inabaki mafuta na gari. Mchanga uchekechwe, mawe na chupa vitolewe, na uwanja upitiwe kwa mikono kila baada ya mapambano machache. Watazamaji wakae mbali na duara, angalau hatua tatu za mtu mzima. Mtu akitolewa nje asiangukie benchi wala baiskeli.

Wanaotaka mtindo wa mkeka, muda wa vijana chini ya 15 na chini ya 17 ni vipindi viwili vya dakika 2, katikati mapumziko sekunde 30. Wakubwa ndio wanaenda dakika 3 mara mbili. Mabega yote mawili yakigusa mkeka yakashikiliwa, pambano limeisha. Kukamatana mpaka mmoja aombe poo hakumo kwenye kanuni.

VISIVYORUHUSIWA

Hivi viandikwe kwenye bango pale uwanjani:

- Kukaba koo kwa namna yoyote. Roba na kabali ni za vibaka. Hata kushika kichwa peke yake kwa mikono miwili ni kosa.
- Kumgeuza mtu kichwa chini miguu juu kisha kuanguka naye.
- Kupitisha mikono chini ya makwapa ya mwenzako na kumkandamiza kisogo kwa viganja. Kwa vijana wadogo imekatazwa, shingo zao hazijakomaa.
- Kukunja mkono wake kwa nyuma kupita nyuzi 90, au kumsokota vidole.
- Ngumi, mateke, kichwa, kuuma, kuvuta nywele na masikio.
- Pete, saa, cheni, hereni, mkanda wenye chuma. Kucha zikatwe. Kujipaka mafuta ili uteleze marufuku.

Kwenye mashindano rasmi kuna waamuzi watatu: refa ndani, mwamuzi pembeni na mwenyekiti wa mkeka. Sisi tuwe na wawili angalau, wote wasiwe na dau wala ndugu anayecheza. Filimbi ikilia, mikono inaachia. Asiyeachia anatolewa hata kama alikuwa anaongoza. Na kuhusu dau, mimi nasema wazi: mtu mzima aliyeweka hela hatakubali pambano lisimamishwe dogo akiumia. Zawadi ziwe madaftari, jezi, viatu.

NGOZI NA DAMU

Mieleka ni ngozi kwa ngozi, kwa hiyo mashilingi, upele na majipu vinahama haraka. Kwenye mashindano makubwa daktari anakagua ngozi kabla ya mtu kupimwa uzito. Kwetu muuguzi wa zahanati anaweza kufanya hiyo kazi asubuhi ileile. Mwenye vidonda vya majimaji akatibiwe kwanza, atacheza bonanza lijalo. Damu ikitoka pambano linasimama, kidonda kinasafishwa na kufungwa vizuri, nguo yenye damu inabadilishwa, na anayehudumia avae glavu. Damu isipokoma, basi, imeisha kwake.

MTU AKIUMIA

Akianguka na kichwa halafu akasema anaona nyota, anatapika, anauliza tuko wapi, anasinzia, au kichwa kinamuuma sana, hachezi tena siku hiyo. Hata akisema yuko fiti. Ubongo uliotikisika ukitikiswa tena kabla ya kupona unaweza kumuua. Kanuni wanayotumia madaktari wa michezo ni hii: ukiwa na shaka, mtoe. Apelekwe hospitali, na asiachwe peke yake usiku. Atarudi uwanjani kidogokidogo baada ya mhudumu wa afya kumruhusu.

Akisema shingo inauma, au hahisi miguu, au mikono ina ganzi, MSIMNYANYUE. Hapa ndipo mapenzi yanapoumiza, maana kila mtu anataka kumvuta akae, mwingine anammwagia maji. Mtu mmoja apige magoti kichwani kwake, ashike kichwa kwa mikono miwili kisitingishike, kikae kilivyo. Wengine watafute gari. Anahamishwa na watu wengi kwa pamoja, amelala kwenye ubao au mlango, kichwa na mwili vikienda sawa. Mgonjwa wa shingo HAPANDI BODABODA. Barabara zetu mnazijua, kila shimo ni pigo jingine kwenye uti wa mgongo.

Kwa hiyo gari liwepo kabla ya bonanza kuanza, dereva ajulikane, mafuta yawemo, na namba ya simu ya zahanati iwe kwa refa. Kama gari halijafika, filimbi ya kwanza haipigwi.

RUHUSA

Baraza la Michezo la Taifa (BMT) lipo kwa sheria ya mwaka 1967, na wilayani kuna afisa anayeshughulikia michezo. Andikeni barua kwake, nakala kwa mtendaji wa kata, mwalimu mkuu na polisi. Kila mtoto alete karatasi iliyosainiwa na mzazi. Najua mtaona ni usumbufu, lakini siku mtoto akivunjika kila mtu atauliza nani aliruhusu, na ni vizuri jibu liwepo kwenye karatasi.

KWA UFUPI, YA KUPRINTI

1. Umri umethibitishwa.
2. Uzito umepimwa asubuhi na kuandikwa.
3. Ngozi imekaguliwa na muuguzi.
4. Mchanga umechekechwa.
5. Waamuzi wawili wasio na dau.
6. Maji, glavu, bandeji.
7. Gari na dereva.
8. Karatasi za wazazi na barua ya ruhusa.

Ukurasa mmoja tu huo, print bandika shuleni. Kama moja halipo, ahirisheni wiki, mtu hafi kwa kusubiri wiki.

Nataka kusikia kwenu pia. Walioko Ngara, Kibondo, Kahama, na nyie mlioko Uganda na Burundi: kwenu wazee walikuwa na sheria gani za mieleka? Nimesikia kuna sehemu mzee mmoja akiinua fimbo tu wote wanaachia. Tupeni maelezo hapo chini, na kama kuna nesi au mwalimu wa michezo anasoma, aongezee nilipopungukiwa.

Nawakilisha.