Kidole kinakufa ganzi kazini? Kagua mikono ya kiti chako

KABLA hujasoma mstari wa pili, usisogee. Angalia viwiko vyako viko wapi sasa hivi.

Kama uko ofisini, huenda kimoja kinaning'inia hewani na kingine kimekandamizwa juu ya ile plastiki ngumu iliyo kando ya kiti. Kama uko nyumbani na laptopu iko kwa meza ya chai, basi mabega yako yamepanda taratibu kuelekea masikioni bila wewe kujua. Sasa yateremshe. Umeskia hiyo raha? Hiyo ndiyo kazi ambayo mkono wa kiti unafaa kukufanyia siku nzima.

Mimi nilianza kuwaza kuhusu mikono ya viti baada ya kidole changu cha mwisho na kile cha pete kuanza kufa ganzi. Nilikuwa nafanya kazi ya mtandaoni ya kunakili sauti, ile ya kusikiliza rekodi na kuandika kila neno, na malipo yanahesabiwa kwa dakika za rekodi. Kwa kazi kama hiyo, kasi ya vidole ndiyo mshahara. Vidole vikichelewa, chapaa inapungua. Nilidhani ni baridi ya asubuhi. Halafu nikadhani ni simu, kwa sababu huwa nalala nayo mkononi. Rafiki yangu akaniletea dawa ya kuchua. Kumbe shida ilikuwa pale ninapoweka kiwiko.

Gusa upande wa ndani wa kiwiko chako, kwenye kile kijibonde kilicho kati ya mifupa. Ndipo pale ukipagonga kwa bahati mbaya unahisi kama umepigwa na stima hadi kidoleni. Neva inayohudumia kidole cha mwisho na nusu ya kile cha pete hupitia hapo, tena karibu sana na ngozi. Ukikaa saa nyingi umeegemea hapo kwenye kitu kigumu chenye ukingo, neva inabanwa na ganzi inaanza. Ikiendelea kwa muda mrefu, hata nguvu za mkono hupungua, na ikifika hapo daktari ndiye wa kuonwa, si mimi.

Na si kwamba kiti changu hakikuwa na mikono. Nilikinunua mtumba kando ya barabara, cheusi, kimesimama vizuri, na muuzaji akanionyesha kitufe akisema, "Hii inapanda na kushuka, boss." Kweli ilipanda. Ilikataa tu kushuka hadi kiwiko changu kilipo.

Watu wengi huchukulia mikono ya kiti kama urembo au ishara ya cheo. Bosi ana kiti chenye mikono mipana, sisi wengine tunapewa kisicho nayo na maisha yanasonga. Lakini fikiria uzito. Mkono mmoja wa binadamu, kuanzia begani hadi vidoleni, ni karibu asilimia 5 ya uzito wa mwili. Ukiwa na kilo 70, kila mkono ni kilo 3.5 hivi, sawa na pakiti mbili za unga za kilo mbili ambazo moja imeliwa kidogo. Mikono ikinyooshwa kuelekea kibodi bila chochote cha kuishikilia, uzito huo unabebwa na misuli inayotoka shingoni kwenda mabegani. Halafu jioni unasema shingo inauma kwa sababu ya mto.

Noma ni kwamba mkono wa kiti uliokaa vibaya unaweza kuwa mbaya kuliko kukosa kabisa. Ukiwa juu sana, unasukuma mabega juu. Ukiwa chini sana, unainamia upande mmoja ili uufikie. Ukiwa mbali na mwili, viwiko vinatanuka kama kuku anayeanika mabawa. Na ukigonga ukingo wa meza, kiti hakiwezi kusogea mbele, kwa hivyo unaketi kwenye ncha na mgongo unapoteza egemeo lake. Ndiyo maana utapata mtu amechukua spana akaing'oa mikono yote miwili na kuitupa kwa stoo. Wengine humcheka. Mimi naona alifanya uamuzi wa busara, ila angeweza kupata kitu bora zaidi.

Kitu hicho ni mkono unaokuja mahali kiwiko kilipo. Wabunifu wa viti huupa miendo minne: kupanda na kushuka, kusogea karibu na mwili au mbali nao, kwenda mbele na nyuma, na kugeuka kushoto na kulia. Ukiona tangazo la kiti limeandikwa 4D, wanamaanisha hiyo minne. Usikimbilie kulipia yote. Mwendo wa kwanza ndio muhimu kuliko mingine, na ndio ambao viti vingi vya bei nafuu hudanganya nao.

Hebu tupime. Chukua stuli ya mbao, si kochi, maana sponji hudidimia na kukudanganya. Keti wima, acha mikono ining'inie, kisha kunja kiwiko mpaka mkono wa mbele uwe sambamba na sakafu. Mwambie mtu apime kutoka ubao wa stuli hadi chini ya kiwiko. Watu wazima wengi huangukia kati ya sentimita 18 na 28. Mimi nilipata 19. Nikaenda kwa kiti changu, nikashusha mkono wake hadi mwisho, nikapima juu ya sponji iliyokaliwa. Sentimita 23. Kwa sentimita hizo nne, mabega yangu yalikuwa yanainuliwa kila siku kutoka saa mbili asubuhi hadi jioni. Na kwa sababu mwili hautaki kuinuliwa, nilikuwa nateleza kwenda kando na kuegemeza kiwiko kwenye ukingo.

Ukitaka kubuni au kurekebisha mkono wa kiti, lazima ujue kilichomo ndani yake. Ule wenye kitufe una pini inayosukumwa na springi hadi ndani ya mojawapo ya mapengo yaliyopangwa kama ngazi. Ukibonyeza, pini inatoka na mkono unateleza. Ukiachilia, inaingia pengo linalofuata. Kuna mwingine usio na kitufe: unauvuta juu, unalia ka, ka, ka na kujifunga kila hatua, na ukifika juu kabisa unajifungua na kurudi chini. Huu wa pili una raha yake, kwani hakuna cha kutafuta kwa vidole. Lakini ukipitisha hatua moja tu unayoitaka, inabidi uanze safari upya, na nimeona watu wakichoka na kuuacha popote ulipofikia.

Halafu kuna nguvu. Mkono wa kiti hauegemewi tu. Mtu akiinuka huusukuma chini kwa uzito mkubwa. Na kuna yule mfanyakazi mwenzako anayekuja kupiga stori na kuukalia kama benchi (unamjua, na kama humjui basi ni wewe). Ndiyo sababu vipimo vya kiwango cha Marekani cha viti vya ofisi, BIFMA X5.1, husukuma mikono ya kiti mara 60,000 kuona kama itavunjika au kulegea. Ukiwa dukani hutafanya hivyo, lakini unaweza kuushika na kuutikisa. Ukicheza ungali mpya, jiulize utakuwaje baada ya mwaka.

Makampuni makubwa hayachukulii jambo hili kwa mzaha. Kabla ya Steelcase ya Marekani kuleta kiti cha Gesture mwaka wa 2013, ilichunguza namna watu 2,000 katika nchi 11 wanavyoketi wakiwa na vifaa vyao. Walichoona unakijua tayari: hatuketi tena tukitazama kompyuta moja mbele yetu. Tunajikunja na simu, tunaegemea nyuma na tableti, tunaandika ujumbe kwa kidole gumba huku viwiko vimeshikana tumboni. Kwa hivyo mikono ya Gesture ikafanywa izunguke kama bega linavyozunguka, iweze kuja hadi mbele ya kifua kushikilia mikono iliyobeba simu. Bei yake ni ya kukufanya ucheke peke yako kwa mathree. Wazo lenyewe, hata hivyo, halina bei: tazama kwanza mtu anavyoketi kwa kweli, si vile picha ya ukutani inavyosema aketi.

Na hapa kwetu nani anatazama? Chukua ofisi za kupokea simu za wateja, ambako kiti kimoja hukaliwa na mtu wa asubuhi, wa jioni na wa usiku. Wa kwanza ana futi tano, wa pili ana sita na kidogo. Kiti kama hicho kinapaswa kurekebishika kwa sekunde chache, kwa mkono mmoja, bila kuinuka wala kuinama kutafuta kitufe kilichofichwa chini. Kama mtu hajui kitufe kipo, ni kama hakipo. Sheria yetu ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka wa 2007 inamtaka mwajiri achukue hatua kuhakikisha kituo cha kazi na vifaa vinamfaa mfanyakazi. Kwa hivyo ukiomba kiti kinachokutosha, hujaomba anasa.

Mimi sina mwajiri wa kuomba. Nilibeba kiti changu hadi kwa fundi wa vyuma kule Kariobangi Light Industries. Alikitazama, akanitazama, akauliza kama nimekuja kuuza.

Tulichofanya ni hiki, na unaweza kukiiga. Tuling'oa mikono ya zamani tukabakisha bolti zake chini ya kiti. Tukachukua paipu ya mraba ya inchi moja, tukaiingiza ndani ya ile ya inchi moja na robo. Inaingia, lakini kunabaki nafasi ya milimita tatu hivi, na kwa nafasi hiyo mkono utayumba kama jino la mtoto. Dawa yake ilikuwa mtungi wa plastiki wa lita 20 uliopasuka. Tulikata vipande vyembamba, tukavipanga pande zote nne kati ya paipu hizo mbili. Plastiki hiyo inateleza vizuri na haihitaji mafuta. Ila lazima upige tupa kwenye kingo za kila tundu, la sivyo chuma kitainyoa plastiki kila ukishusha na kupandisha.

Matundu yalituletea ubishi. Nilitaka hatua ndogo, sentimita moja na robo. Fundi akakataa kutoboa paipu ya ndani karibu hivyo. Kwa pini ya milimita 8, chuma kinachobaki kati ya tundu na tundu ni chembamba, na siku moja utainuka mkono ubaki chini. Alikuwa sahihi. Tukaacha sentimita 2.5 kati ya matundu ya ndani, kisha kwenye paipu ya nje tukatoboa mawili badala ya moja, yaliyoachana sentimita 3.75. Pini ikiingia tundu la juu unapata hatua nzima, ikiingia la chini unapata nusu yake. Hatua ndogo nilizotaka zikapatikana, na chuma kikabaki na nguvu zake.

Ili mikono isogee karibu na mwili, tulirefusha matundu ya bolti kwenye bamba la chini. Hiyo inahitaji spana, na sioni ubaya, kwa kuwa kiti ni changu peke yangu na upana wa mabega yangu haubadiliki baada ya chakula cha mchana. Kingekuwa cha ofisi ya zamu, ningedai kitufe.

Sehemu ya kuegemea ilitokana na soli ya patipati kuukuu. Usicheke. Ni laini bila kudidimia hadi mwisho, na inakatika kwa kisu. Tuliizungusha kingo ili isiwe na ncha yoyote, tukaifunika kwa ngozi bandia. Sasa mkono wangu wa mbele unalala juu yake, na kiwiko chenyewe kiko nyuma kidogo, hakigusi kitu.

Ganzi ilichukua wiki kadhaa kupungua, na bado hunijia nikikaa hovyo. Mkono wa kushoto wa kiti umetulia. Wa kulia unalia kidogo nikiinuka, nadhani kipande kimoja cha plastiki kimehama, na fundi ameniambia nimrudishie Jumamosi, nije na mtungi mwingine.