Mlezi Kwanza, Ngumi Baadaye

Wengi wetu hudhani ya kuwa mchezo wa ngumi huwaongezea vijana ukali. Na tuwatazame wale mabingwa wawili waliopambana Kinshasa tarehe 30 Oktoba 1974, Muhammad Ali na George Foreman.

Mwaka 1954, mjini Louisville, Marekani, Ali alikuwa mtoto wa miaka 12, akiitwa Cassius Clay. Aliibiwa baiskeli, akaapa kumpiga mwizi. Polisi Joe Martin alimwambia ajifunze kwanza kupigana, naye akamfundisha. Mwaka 1960 Clay alipata medali ya dhahabu mjini Roma.

Foreman naye, kama alivyosimulia mwenyewe, alikuwa akinyang'anya watu njiani mjini Houston. Mwaka 1965 aliingia Job Corps, mpango wa serikali wa kufundisha vijana kazi. Humo Doc Broadus akamfundisha ngumi, na mwaka 1968 akapata dhahabu Mexico. Mwaka 1984 yeye mwenyewe alifungulia vijana nyumba ya michezo Houston.

Ngumi peke yake haimtengenezi mtu. Humtengeneza saa isiyovunjwa, amri inayotiiwa, na mkubwa anayemngoja kila jioni. Wazazi na walimu, yule mtoto mgomvi wa mtaani petu, ni nani anayemngoja?