Ukishuka kwenye avioni, usimfuate anayekufuata

Katika jamaa nyingi za Lubumbashi, Likasi na Kolwezi kuna mtu anayejitayarisha kwa safari ya inje. Mama anakwenda Dubai kununua bidhaa. Baba mgonjwa anapelekwa Johannesburg kwa munganga. Kijana amepata viza ya masomo, ao nyanya anakwenda Paris kuona wajukuu. Jamaa inatafuta paspoti, inalipa viza, inalipa tiketi. Mara nyingi feza hizo ni akiba ya miaka, ao ni deni ambalo litalipwa polepole.

Kila kitu kinahesabiwa, lakini jambo moja linasahauliwa. Avioni imekwisha kutua, valizi imepatikana, mlango wa kiwanja umefunguka. Sasa msafiri atafika namna gani pahali anapolala? Saa hiyo amechoka, hakulala usiku, lugha si yake, telefone yake haina rezo. Na ni saa ile ile ambayo wadanganyifu wanaingojea.

Jambo lililofanyika Paris

Mwaka 2018, mume na mke kutoka Thailand walitua kwenye kiwanja cha Charles de Gaulle, karibu na Paris. Wakapanda gari la mtu aliyejifanya shofere wa taksi. Walipofika mjini, mtu yule akadai euro 247. Bei ya serikali kwa safari ile, wakati ule, ilikuwa euro 50 ao 55, kufuatana na upande wa mji. Wakabishana naye, lakini milango ya gari ilikuwa imefungwa. Mume akamkamata kwa video ya telefone yake. Video hiyo ikaonekana pahali pengi, polisi wakamtafuta mtu yule, na tribinali ikamhukumu kifungo cha gerezani.

Angalieni vizuri: hakuna aliyewapiga, hakuna aliyewanyang'anya valizi mlangoni. Wao wenyewe waliingia katika gari. Mambo yaliharibika mbele, wakati walipomfuata mtu wasiyemjua. Ndani ya gari ilikuwa imekwisha kuchelewa.

Desturi ya kwetu inaweza kutuponza

Hapa kwetu tumezoea jambo moja. Ukifika kiwanja cha Luano ao cha N'djili, kuna mtu wa kukupokea, yule tunayemwita protokole. Anakuja kwako, anakamata paspoti, anajua ofisi zote, anabeba valizi, anakufikisha mpaka kwenye gari. Wewe unamupa kitu kidogo, na mambo yanakwisha. Kwa hiyo akili yetu imejifunza kwamba mtu anayekuja mbio na kukusalimia kwa furaha ni musaada.

Katika viwanja vikubwa vya inje, mambo ni kinyume. Mtu anayekuja kwako na kuuliza, «Taksi, baba? Taksi, mama?» ndiye wa kukataa. Sababu yake ni rahisi kufahamu. Taksi zenye ruhusa zinapanga mstari inje ya mlango. Gari la kwanza linabeba msafiri wa kwanza, la pili linafuata. Shofere akiacha gari lake na kuingia ndani kutafuta watu, anapoteza zamu yake. Tena hana haja ya kutafuta, kwa sababu wasafiri watamfikia wenyewe. Kwa hiyo yule anayezungukazunguka ndani, mara nyingi hana zamu katika mstari, na mara nyingine hana ruhusa kabisa.

Basi, kanuni ya kwanza iko hivi: shofere wa haki anangoja, mdanganyifu anakuja. Fuata alama ya taksi iliyoandikwa juu ya ukuta, toka inje, simama katika mstari. Hata mstari ukiwa mrefu, ngoja. Haraka haraka haina baraka.

Bei iko ya namna tatu

Kanuni ya pili ni kujua bei mbele ya kupanda. Si inchi zote zinahesabu namna moja. Tuchukue miji mitatu ambayo watu wa kwetu wanafikia sana.

Paris: bei imekatwa na serikali. Tangu mwezi wa tatu 2016, taksi kati ya viwanja vya ndege na mji wa Paris ina bei moja tu. Mto Seine unagawanya mji mara mbili. Mwaka 2025, kutoka Charles de Gaulle mpaka upande wa kaskazini wa mto bei ilikuwa euro 56, na mpaka upande wa kusini euro 65. Château Rouge, kule Wakongomani wananunua sombe na makayabu, iko upande wa kaskazini. Bei hiyo ni ya gari, si ya kila mtu. Usiku ao siku ya Mungu haibadiliki, na valizi hazilipiwi zaidi. Lakini jihazari: bei hiyo ni ya mji wa Paris wenyewe. Kama mtoto wako anakaa Saint-Denis ao mji mwingine wa pembeni, mita ndiyo inahesabu. Taksi ya kweli ina taa juu ya paa iliyoandikwa «Taxi Parisien», ya kijani ikiwa huru, nyekundu ikiwa na mtu. Na kama mkoba ni mwepesi, treni RER B inatoka kiwanjani mpaka Gare du Nord, na bei yake ni ndogo sana kuliko ya taksi.

Dubai: mita inahesabu. Taksi za Dubai zina rangi ya maziwa, na paa lenye rangi ya kampuni. Zenye paa la pinki zinaendeshwa na wanawake, nazo ni kwa wanawake na jamaa. Ukitoka kiwanjani, mita inaanzia dirham 25, kisha inaongezeka kwa kilometa. Dolari 1 ni karibu dirham 3.67, basi mwanzo ule ni karibu dolari 7. Mtaa wa Deira, penye wafanyabiashara wengi wa Afrika, uko karibu na kiwanja, kwa hiyo safari ni fupi. Kama gari likipita katika njia ya kulipia, shofere anaongeza dirham chache juu ya mita; ule si wizi. Wizi ni mtu wa gari la binafsi anayekuambia, «Dolari 50 tu, twende». Tangu 2009 kuna pia metro, na inapita kwenye Terminal 1 na Terminal 3.

Johannesburg: hapa unapaswa kuangalia zaidi. Kwanza, Afrika ya Kusini neno «taxi» kwa watu wa kila siku ni basi ndogo ya watu kumi na zaidi, yenye njia yake na alama zake za mikono. Mgeni mwenye valizi asianze na ile. Pili, ndani ya kiwanja cha O.R. Tambo wanaume wengine wanavaa beji shingoni, wanasema wao ni wa kiwanja. Beji peke yake si ushuhuda, kila mtu anaweza kuitengeneza. Tatu, bei ya taksi haikukatwa kama Paris, basi ulizia katika ofisi ya habari ya kiwanja ni kiasi gani mpaka mtaa wako, na sikilizana na shofere kwa rand mbele ya valizi kuingia. Treni Gautrain ilianza kutembea toka kiwanja mpaka Sandton mwezi wa sita 2010. Ni safi na ya haraka, lakini usiku sana haitembei.

Tena Johannesburg inajulikana kwa wezi wanaofuata wasafiri toka kiwanjani mpaka nyumbani. Usihesabu feza mbele ya watu, usibadilishe feza nyingi kwa mara moja, usionyeshe bahasha. Kwa mgonjwa, njia nzuri ni kuuliza mapema hospitali ao nyumba ya wageni kama wanatuma gari. Wakikubali, waandike jina la shofere na namba ya plaki.

Maneno wanayotumia

Wadanganyifu wa miji mbalimbali wanafanana kwa maneno. Ukiyajua, utayatambua hata katika lugha usiyoifahamu sana.

«Hoteli yako imefungwa, ao imejaa. Nitakupeleka kwa nyingine.» Hoteli ile nyingine inamlipa. Jibu: nipeleke kule kule, nitaona mwenyewe.

«Mita imeharibika.» Basi shuka, kamata gari lingine. Katika mstari magari ni mengi.

«Ni mimi niliyetumwa kukuchukua.» Usimtajie jina lako. Muulize yeye: «Unakuja kumchukua nani?» Kama hajui jina, hakutumwa. Vilevile kwa taksi ya telefone, kama Uber: shofere ataje jina lako, na plaki ifanane na ile iliyoandikwa kwenye telefone. Mtu anayesema tu «Niko Uber» mlangoni, bila wewe kumwita, ni mdanganyifu kama wengine.

«Umenipa noti ya kumi, si ya mia.» Hapo amekwisha kubadilisha noti kwa mkono. Kwa hiyo lipa na noti ndogo, na uihesabu kwa sauti wakati unapomupa: ishirini, arobaini, hamsini.

«Bei ilikuwa ya mtu mmoja, ninyi ni watatu.» Jambo hili limalizwe mbele: ni bei ya gari nzima, pamoja na valizi.

Kukataa si kukosa adabu

Wazee wetu wanapata shida hapa. Mtu amekusalimia vizuri, amekuita mama, amekamata valizi kwa heshima, utamwambia «hapana» namna gani? Tumefundishwa kujibu salamu. Vema, jibu salamu, lakini usiache mkono wa valizi. Sema, «Asante, nina mtu anayeningoja», na uendelee kutembea. Usisimame, usieleze, usibishane. Anayesimama kueleza amekwisha kuingia katika biashara ya yule mtu.

Kama umepotea, mtu wa kuuliza yuko nyuma ya meza: ofisi ya habari, polisi wa kiwanja, ao mfanyakazi wa kampuni yako ya avioni. Kuuliza si ujinga. Chagua wewe mtu wa kuuliza, usingoje yeye akuchague.

Na ikiwa umekwisha kuingia katika gari baya? Usipigane. Angalia plaki na kadi ya shofere, piga simu kwa jamaa, sema namba kwa sauti ili shofere asikie. Omba ashushe pahali penye watu na mwangaza: hoteli, stesheni ya esansi, kituo cha polisi. Kama anatisha, mpe feza, okoa nafsi, kisha toa mashitaka. Wale wa Paris walisaidiwa na ile video, lakini ikiwa uko peke yako usiku, uzima unapita picha.

Kazi ya jamaa mbele ya safari

Maneno haya si ya msafiri peke yake. Jamaa iliyokusanya feza ya tiketi imalize kazi yake. Siku mbili mbele ya kuondoka, kaeni pamoja mezani na kumaliza mambo haya:

1. Andikeni adresi kamili kwenye karatasi, kwa herufi kubwa, pamoja na namba ya telefone ya mwenyeji. Telefone inaweza kuzimika, karatasi haizimiki.

2. Mwenyeji aulizwe: bei ya taksi mpaka kwake ni kiasi gani leo? Iandikwe chini ya adresi. Bei zinabadilika kila mwaka, basi msitegemee maneno ya mtu aliyesafiri zamani.

3. Kama mwenyeji anakuja mwenyewe, kataeni neno «nitakuwa pale». Aseme mlango gani, na msafiri afanye nini akichelewa: angoje wapi, na saa ngapi.

4. Tafuteni noti ndogo za inchi ile, za kutosha taksi moja. Feza nyingine ikae pahali pengine, si katika mfuko ule ule.

5. Kama avioni inatua usiku wa manane, na hakuna anayekuja, msafiri anaweza kukaa ndani ya kiwanja mpaka asubuhi, pahali penye watu na mwangaza. Kulala kwenye kiti si haya.

6. Akifika nyumbani, atume neno moja tu: nimefika. Mpaka neno hilo lije, mtu mmoja wa jamaa asilale.

Dolari mia moja anayochukua mdanganyifu mlangoni si kitu kidogo kwa jamaa zetu. Kwa mgonjwa inaweza kuwa dawa, kwa mama wa biashara ni bidhaa, kwa mwanafunzi ni chakula cha siku nyingi. Kikeni kama jamaa, soma ukurasa huu pamoja na yule anayeondoka, kisha umkatie na aukunje ndani ya paspoti yake. Safari njema.