Katuni ikiisha, muulize mutoto: "Juu ya nini alikuwa mubaya?"

Katika familia mingi za Bunia, katuni, ama desen-anime vile watoto wanasema, zinaangaliwa kwenye telefone ya muzazi. Filme ikiisha, muzazi anauliza: "Fundisho ni nini?" Mutoto anajibu haraka: "Tusikuwe wabaya." Telefone inarudishwa, mazungumuzo imeisha. Jibu halina kosa, lakini halimusaidii sana, juu anajua mbele kile baba anataka kusikia.

Ulizo lenye kuzaa mazungumuzo ni lingine: juu ya nini ule mutu alikuwa mubaya? Na nani alisema kama ni mubaya?

Filme moja inasaidia sana hapa. Ni Kirikou et la sorcière, ya Mufaransa Michel Ocelot, iliyotoka mwaka 1998, na muziki ya Youssou N'Dour wa Senegal. Kijiji kiko na shida: chemichemi imekauka, wanaume wamepotea. Kila mutu anasema ni mulozi Karaba, amekausha maji na amekula wanaume. Kirikou, mutoto mudogo sana, anaingia mwenyewe ndani ya chemichemi na kukuta munyama ndiye anakunywa maji yote. Wanaume nao hawakuliwa: Karaba aliwageuza kuwa fetishi za kumutumikia. Uvumi mumoja ulikuwa uongo, mwingine ulikuwa nusu ya ukweli. Kisha babu yake, mwenye hekima anayeishi mulimani, anamuelezea kama watu walimupiga Karaba mwiba wenye sumu mugongoni, na unamuuma usiku na muchana. Kirikou anautoa na meno.

Wakaaji wa Bunia wanajua hadithi ya namna hii. Vita ya Ituri ya 1999 mupaka 2003, tena mauaji ya Djugu tangu mwisho wa 2017, imefikisha familia mingi kwenye kambi za wakimbizi wa ndani, sawa kule Kigonze. Mutoto anasikia wakubwa wakisema: "Wale watu, ndivyo wako." Kabila nzima inatajwa sawa Karaba. Muzazi akimuuliza juu ya chemichemi, anamuzoeza ulizo la kuuliza hata kesho, akisikia neno njiani: nani aliona?

Hapo wazazi fulani wataogopa, na wako na haki. Kuelewa mwiba si kusema kama Karaba hakukosa. Mama anaweza kusema wazi: "Ndiyo mwanangu, alikuwa na maumivu. Lakini vile alifanya wanaume wa kijiji, ni vibaya." Na mutoto aliyepoteza baba ao mama katika vita asilazimishwe kusamehe juu ya filme. Akinyamaza, aachiwe.

Shida ya Kifaransa ni ndogo kuliko inavyoonekana. Mutoto asiposikia maneno, muzazi anasimamisha filme na kumuelezea kwa Kiswahili, Kilendu, Kihema ao Kialur. Hapo mazungumuzo imekwisha kuanza. Wenye kutaka Kiswahili kabisa wako na Ubongo Kids, inayotengenezwa Dar es Salaam tangu 2014, ijapokuwa ile inafundisha zaidi hesabu na sayansi. Tom na Jerry inaomba ulizo moja tu kwa mutoto mudogo: mutu wa kweli akipigwa nyundo kichwani, anasimama tena?

Wengine wanasema katuni ni kitu cha wazungu. Mukongomani Jean-Michel Kibushi aliwajibu zamani. Mwaka 1991 alitengeneza Le crapaud chez ses beaux-parents, hadithi ya chura anayeenda kwa wakwe zake, iliyotoka katika masimulizi ya Watetela. Mwaka uliofuata alitoa Kinshasa, septembre noir, juu ya uporaji wa Septemba 1991, akitumia michoro ya watoto.

Njia hiyo ya michoro inawezekana hata pasipo telefone wala kuraa. Karatasi na kalamu vinatosha. Mutoto akichora nyumba yenye kuungua, muzazi asiharakishe kutafuta fundisho. Amuulize kwanza nani anaishi mule.