Sahani ya mgahawani Katesh na Mbulu yabeba historia ya ardhi

Na Mwandishi Wetu, Hanang

MGENI anayeteremka basi mjini Katesh, makao makuu ya Wilaya ya Hanang mkoani Manyara, hahitaji kutembea mwendo mrefu kabla ya kupata chakula. Kandokando ya barabara kuu iunganishayo Babati na Singida ipo migahawa midogo, mingine yenye kuta za matofali na kaunta, mingine ikiwa ni vibanda vya mabati vyenye mabenchi mawili na meza iliyotandikwa plastiki. Atakachotajiwa na mhudumu ni kile kile alichokwisha kukisikia Morogoro, Dodoma na Mwanza: wali, ugali, chapati, maharage, nyama, samaki na chai.

Kwa mtu mwenye njaa jambo hilo halina uzito. Lakini kwa anayezifahamu wilaya hizi linashangaza. Mbulu na Hanang ni miongoni mwa sehemu chache sana barani Afrika ambako watu wa jamii nne za lugha zisizohusiana wanaishi kwa ujirani: Wairaqw, ambao lugha yao ni ya Kikushi, Wadatoga, ambao ni Waniloti, Wanyaturu na Wanyiramba, ambao ni Wabantu, na Wahadzabe wa bonde la Yaeda, ambao lugha yao haijapatiwa ndugu. Kila jamii ina chakula chake, kuanzia asali na mizizi ya porini, maziwa ya mgando ya kwenye kibuyu, hadi ugali wa mtama na uwele. Mgahawani vyote hivyo ni adimu.

Makala haya yanaeleza kile kilichopo mezani, kilikotoka, na sababu za kingine kutokuwapo.

Kwanza utaratibu wenyewe. Orodha ya vyakula iliyochapwa ni nadra, na hata pale ilipoandikwa ukutani kwa rangi haina maana kwamba kila kitu kimepikwa siku hiyo. Mteja huuliza kuna nini, naye hutajiwa. Mpishi mwenye umri wa kumzaa huitwa mama, na huanziwa kwa shikamoo kabla ya kuulizwa bei. Kijana anayehudumu huitwa dada au kaka. Maji ya kunawa huletwa kwa jagi na beseni. Asubuhi ni wakati wa supu, chapati na chai. Chakula kizito hupatikana kuanzia saa sita mchana, na anayefika saa tisa asilalamike akikuta sufuria zimebaki ukoko.

Mchele wa wali huo si lazima utoke mbali, kwani Magugu, wilayani Babati, ni jina linalojulikana kwa mchele hadi Dar es Salaam. Dagaa hutoka Ziwa Victoria. Samaki wabichi huweza kutoka Ziwa Basotu, lililopo ndani ya Hanang kwenyewe. Kitu chenye historia ndefu zaidi mezani, hata hivyo, ni kile kinacholiwa kwa haraka kuliko vyote, nacho ni chapati.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 serikali ilidhamiria kuifanya nchi ijitosheleze kwa ngano, na macho yakaelekezwa kwenye tambarare za Basotu, magharibi ya Mlima Hanang. Kanada ilikubali kusaidia kwa fedha, wataalamu na mitambo. Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula, NAFCO, likaanzisha mashamba saba makubwa: Basotu, Setchet, Mulbadaw, Murjanda, Gawal, Gidagamowd na Waret. Kwa pamoja yalifikia takriban ekari 100,000, yakilimwa kwa matrekta na kuvunwa kwa mashine mfano wa yale ya nyanda za Kanada.

Tambarare hizo hazikuwa tupu. Zilikuwa malisho ya Wabarabaig, tawi kubwa la Wadatoga, waliozitumia kwa mzunguko: mifugo ilipelekwa huko wakati majani yalipokuwa bora kabisa, kisha ikahamishwa ili ardhi ipumzike. Kwa mtaalamu wa kilimo aliyefika wakati mifugo imeondoka, eneo lilionekana halina mtumiaji. Kwa mfugaji, hiyo ndiyo iliyokuwa akiba yake. Ilipochukuliwa, mifugo ilisongamana kwenye malisho duni yaliyosalia, na yakachakaa. Aidha, ndani ya mashamba hayo yalikuwamo makaburi ya wazee, yale yanayoinuliwa kwa kichuguu cha udongo na kuheshimiwa kwa vizazi, na baadhi yake yalilimwa juu.

Mwaka 1981 kijiji cha Mulbadaw pamoja na wakazi wake kadhaa walikwenda mahakamani. Mahakama Kuu, Arusha, iliwapa ushindi dhidi ya NAFCO na kuamuru walipwe fidia. Mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ilitengua hukumu hiyo, kwa hoja kwamba halmashauri ya kijiji haikuonyesha kuwa iligawiwa ardhi hiyo kisheria, na kwamba wakazi hawakuthibitisha kwa kutosha kuwa ni wenyeji kwa maana iliyotakiwa na sheria ya ardhi ya wakati ule. Kesi hiyo husomwa hadi leo katika vyuo vya sheria. Wanaoila chapati ya Katesh ni wachache wanaoikumbuka.

Kanada ilijitoa katika miaka ya 1990, mitambo ikachakaa, na NAFCO nayo ikafikia mwisho wake. Baadhi ya mashamba yalikwenda kwa wawekezaji binafsi, mengine yakarejeshwa kwa wananchi. Ngano bado inalimwa Hanang, lakini sehemu kubwa ya ngano inayosagwa nchini leo huagizwa kutoka nje, Urusi ikiwa miongoni mwa wauzaji. Ndiyo maana vita ya Ukraine ilipozuka Februari 2022 na bei ya ngano kupanda duniani, unga ulipanda bei hata katika mji ambao uliwahi kunyang'anywa malisho ili nchi isiagize ngano. Mwandishi wa makala haya haoni neno jingine la kuliita jambo hilo ila kinaya.

Na maziwa? Mtu angetarajia kuyakuta kwa wingi, hasa katika nchi ya wafugaji. Mgahawani hukutana nayo ndani ya chai, yakiwa yamechanganywa na maji na sukari. Maziwa ya mgando ya kibuyu, ambacho husafishwa kwa kijinga cha moto hadi maziwa yapate harufu ya moshi, kwa kawaida hubaki nyumbani au huuzwa na akina mama wenyewe pembezoni mwa soko. Sababu moja ni ya kibiashara: maziwa hayo huanzia kwenye boma lililo mbali na barabara, wingi wake hubadilika kwa majira, na wakati wa kiangazi hupungua mno. Mwenye mgahawa anataka kitu atakachokipata kila siku kwa kiasi kile kile. Sababu nyingine imekwisha kuelezwa hapo juu, nayo ni malisho.

Siku ya mnada mambo hubadilika kidogo. Wabarabaig, Wairaqw na Wanyaturu hukutana penye ng'ombe na mbuzi, na chakula cha siku hiyo ni nyama choma inayokatwa mbele ya mteja na kuliwa kwa chumvi na pilipili. Anayetaka kula pamoja na wenyeji badala ya kula pamoja na madereva na afadhali aisubiri siku hiyo.

Mbulu mjini, juu ya nyanda zenye baridi, mgahawa una sura nyingine. Mwezi wa Juni na Julai wateja huingia wamevaa makoti mazito na kuomba supu ya moto hata mchana. Wairaqw ni wakulima hodari wa milimani, na maharage, mahindi na viazi havikosekani. Kitunguu saumu kinacholimwa Bashay, wilayani humo, kina sifa nchi nzima, na mchuzi wa Mbulu hukionja kwa ukarimu. Makande nayo hupatikana, ingawa kwa kuchelewa. Lakini ugali utakaoletwa ni mweupe, wa sembe. Ugali wa mtama, ambao wazee wengi waliulia, haupo kwa kuwa mteja wa mgahawa ni mtumishi wa serikali, dereva, mwanafunzi au mfanyabiashara kutoka popote, na sembe ndicho chakula ambacho hakuna atakayekikataa.

Zao jingine la kutazama ni mbaazi. Wakulima wa Manyara huzilima kwa ajili ya India, si kwa ajili ya sufuria zao. Agosti 2017 India iliweka ukomo wa kiasi cha mbaazi zinazoweza kuingia nchini mwake, na bei ikaporomoka ghafla hadi wakulima wengine wakaona hasara hata kuvuna. Soko hilo lina wauzaji wengi, na miongoni mwao ni Myanmar, nchi ambayo babu zetu waliopelekwa vitani na Waingereza mwaka 1944 waliiita Burma. Mwaka 2021 India ilitia saini makubaliano ya kununua kiasi maalumu cha mbaazi kutoka Myanmar, Malawi na Msumbiji. Hivyo mvua ikinyesha vizuri Myanmar, mkulima wa Endasak ana sababu ya kuhofu. Katika migahawa ya Katesh, mbaazi huonekana mara chache kuliko maharage. Ni jambo la kusikitisha, kwani zikiungwa kwa kitunguu na nyanya hakuna chakula kinachoendana zaidi na wali.

Linabaki suala la jiko. Serikali iliagiza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziache kuni na mkaa ifikapo Januari 31, 2024, na Mei 2024 ikazinduliwa mikakati ya kitaifa yenye lengo la kuwafikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati safi ya kupikia ifikapo mwaka 2034. Hanang hakuna anayehitaji kuelezwa uzito wa kuhifadhi milima. Desemba 3, 2023, baada ya mvua kubwa, sehemu ya Mlima Hanang ilimeguka, tope na mawe yakateremka hadi mjini Katesh, na watu zaidi ya 80 wakapoteza maisha. Serikali ilieleza wakati ule kuwa miamba dhaifu iliyonyonya maji ndiyo chanzo.

Mama lishe mwenye meza tatu hayumo katika agizo hilo, lakini mkaa unazidi kuwa ghali na anaelekezwa kwenye gesi. Tatizo lake ni kwamba mkaa hununuliwa kwa kopo, kwa fedha ya mauzo ya jana, ilhali mtungi wa gesi hulipiwa wote kwa mara moja. Chips na mayai huiva kwa dakika chache. Makande na mbaazi kavu hutaka saa kadhaa motoni, hata zikilowekwa usiku kucha na kutiwa magadi kidogo ili zilainike. Nishati ikipanda bei, mpishi hahitaji kupiga hesabu ndefu kujua ni sufuria ipi ataiondoa jikoni kwanza.