Kusoma tena vitabu vya Narnia

Wasomaji wetu wengine watauliza: je, kazi za parokia zimekwisha, hata padri apate nafasi ya kusoma hadithi za watoto? Ulizo hilo ni la haki, nasi tulijiuliza lile lile siku tulipofungua upya vitabu saba vya Narnia. Tulivisoma mara ya kwanza tungali na umri wa miaka kumi hivi, katika Kifransa, bila utaratibu wowote, kila kitabu kilipotoka mikononi mwa mwenzetu. Tulivipenda kupita kiasi. Kisha zikaja filosofia na teolojia, tukavisahau. Basi, mwaka huu tulitakiwa kutafuta masimulizi ya kuwasomea watoto wa Kizito-Anuarite wakati wa likizo kubwa, tukavikumbuka. Tulidhani kazi itakuwa nyepesi: kupitia haraka, kuchagua sura nne au tano, kuzifasiri katika Kiswahili. Kumbe haikuwa hivyo, na katika kitabu cha saba tulifika mahali tukakifunga kwa uchungu. Juu ya hayo tunataka kuandika.

Kwa wale wasiomjua mwandishi, haya machache yatatosha. Clive Staples Lewis alizaliwa Belfast, katika inchi ya Irlandi, mwaka 1898. Mama yake alikufa mwaka 1908, naye alikuwa hajatimiza miaka kumi. Katika ujana alipoteza imani. Alipigana katika vita kuu ya kwanza huko Ufaransa, akajeruhiwa mwaka 1918, kisha akawa mwalimu wa maandiko ya kale katika chuo kikuu cha Oxford. Mwaka 1931 alirudi kwa Kristu, na mmoja wa waliomsaidia sana ni rafiki yake Tolkien, aliyekuwa mkatoliki. Lewis mwenyewe hakuingia katika Kanisa letu: alibaki Mwanglikana mpaka alipokufa tarehe 22 Novemba 1963. Vitabu vya Narnia alivitoa kimoja kila mwaka, tangu 1950 mpaka 1956.

Masimulizi yenyewe wengi wanayajua, hata kama ni kwa njia ya sinema ya mwaka 2005. Watoto wanne wanaondolewa London kwa sababu ya mabomu ya vita, wanapelekwa katika nyumba kubwa ya mzee mmoja mwenye elimu. Lucy, mdogo wao, anaingia katika kabati la nguo, anapita katikati ya makoti, anajikuta katika inchi nyingine. Huko wanyama wanasema kama watu, na Mlozi Mweupe ameifunga inchi yote katika theluji isiyokwisha. Edmund, kaka yake Lucy, anawasaliti ndugu zake kwa ajili ya utamu wa kinywa. Ndipo Simba Aslan, mwenye inchi, anajitoa kuuawa mahali pake, na alfajiri anafufuka.

Hakuna mseminari atakayesoma hayo asijue ni nani anayesemwa. Lakini sisi, katika utoto wetu, hatukujua! Tulilia usiku kwa ajili ya Simba yule, na Jumapili tukatumikia Misa bila kuunganisha neno hili na lile. Baadaye, katika seminari, mwenzetu alitufumbulia, tukaona haya kwa ujinga wetu, tukaanza kukifanya kitabu kuwa fumbo la kutegua: huyu ni Yuda, huyu ni Petro, jiwe hili ni altare. Leo tunaona kwamba ujinga wa utoto ulikuwa karibu zaidi na nia ya mwandishi kuliko werevu wa mseminari. Lewis alikataa kabisa kwamba hadithi hizi ni mafumbo ya namna hiyo. Alisema alijiuliza hivi: tuseme kwamba kungekuwako inchi kama Narnia, naye Mwana wa Mungu akapenda kujifanya Simba huko kama alivyojifanya mtu kwetu, yangetokea mambo gani? Alieleza pia kwamba katika utoto wake aliambiwa ni wajibu kuhuzunika kwa mateso ya Yezu, na kwamba amri ile yenyewe ilimkausha moyo. Kwa hiyo alitaka watoto waanze kupenda kabla ya kuambiwa kwamba imewapasa kupenda. Makatekista wetu watakumbuka ni mara ngapi tumewaharibia watoto hadithi nzuri kwa kuifasiri kabla hata haijamalizika.

Tuseme pia juu ya jina la Simba, kwani kwetu halikuwa neno rahisi. Tulipomweleza mzee mmoja katekista mpango wetu, alinyamaza kitambo, halafu akauliza: «Padri, hukupata mnyama mwingine?» Mzee huyo alikuwa mtoto mwaka 1964, wakati waasi waliojiita Simba walipopita katika inchi yetu. Ni wao waliomwua Mwenye heri Anuarite huko Isiro tarehe 1 Desemba 1964, naye ndiye ambaye watoto wetu wa Kizito-Anuarite wanachukua jina lake. Tulimjibu kwamba Ufunuo wa Yohane unamwita Kristu Simba wa Yuda. Naye, bila kukawia, akatukumbusha Petro, anayesema kwamba ni shetani anayezungukazunguka kama simba akitafuta wa kumeza. Sisi tunaosoma maneno hayo katika Komplina tulikosa jibu. Tulikubaliana jina la Aslan libaki bila kufasiriwa. Ni neno la Kituruki, na maana yake ni simba tu. Lakini watoto wataliona simba katika picha, na mzee hatalazimishwa kulisikia.

Basi, tulisoma. Mambo mengine yalikuwa yamepungua nguvu: vita na karamu, ambazo zamani tulizisoma mara tatu tatu, tulizipitia upesi. Mengine yalikuwa yamekua. Katika kitabu cha safari ya baharini yumo mvulana Eustace, mwenye choyo na manung'uniko, anayelala juu ya hazina ya joka akiwaza tamaa zake, na anapoamka amekuwa joka yeye mwenyewe. Katika utoto tulifurahia joka. Leo sisi ni waungamishi, na tulisimama mahali pengine kabisa. Simba anampeleka Eustace usiku penye kisima, anamwambia avue. Eustace anajichuna ngozi ya joka, inatoka nzima, lakini chini yake kuna ngozi nyingine ya namna ile ile. Anachuna ya pili, anachuna ya tatu, anabaki joka. Ndipo Simba anamwambia kwamba itampasa akubali kuvuliwa naye. Ukucha wa kwanza unaingia ndani hata mtoto anafikiri umefika moyoni. Kisha anatupwa majini, maji yanamwuma, halafu yanakuwa matamu, naye anaona mikono yake ni ya mtu tena, na Simba anamvika nguo mpya.

Tumesoma vitabu vingi vya teolojia juu ya neema na juu ya Sakramenti ya Kitubio, na hatuwezi kusema kwamba vinasema zaidi ya kurasa hizo mbili. Kila Jumamosi tunawasikia Wakristu waliojichuna wenyewe kwa bidii, nao wanashangaa kuona ngozi imerudi. Tena Lewis hana ulaghai: anaongeza kwamba tangu siku ile Eustace hakuwa mtoto mwema moja kwa moja, alikuwa na siku zake mbaya, lakini kupona kulikuwa kumeanza. Sura hiyo tuliifasiri ya kwanza.

Neno fupi pia juu ya kitabu kinachoeleza mwanzo wa Narnia. Mtoto Digory ana mama mgonjwa wa kufa, anamwomba Aslan dawa. Anapoinua macho anaona machozi makubwa katika macho ya Simba. Mwishoni anapewa tunda, na mama anapona. Mama wa mwandishi hakupona. Katika utoto hatukujua habari hiyo, tukaipita sura kama nyingine. Lakini mtu aliyekwisha kuwapaka Mafuta ya Wagonjwa wamama wenye watoto wadogo mlangoni, haipiti sura hiyo vile.

Sasa tufike pale palipotuuma. Kusini mwa Narnia kuna inchi kubwa ya Calormen. Watu wake ni weusi wa uso, wanavaa vilemba, wanafuga watumwa, wanaabudu mungu Tash, ambaye hutolewa sadaka za watu. Wana-Narnia na jirani zao wa kaskazini ni weupe. Katika kitabu cha mwisho watu wa Calormen wanaingia Narnia kwa hila na kuiharibu, na vibete wenye kiburi wanawatukana kwa rangi yao, kwa neno moja la dharau ambalo Mwafrika yeyote aliyeishi Ulaya amelisikia. Mfalme na watoto wanapotaka kwenda kwa siri kati ya adui, wanajipaka rangi ya udongo usoni.

Tuliyasoma haya yote tulipokuwa watoto. Je, hatukuona? Hatukuona. Tulikuwa upande wa Lucy, tukapanda farasi pamoja na wafalme weupe, tukawakimbia watu wenye nyuso kama zetu, wala hatukujiuliza kitu. Ndilo jambo lililotufanya tufunge kitabu: si kosa la mwandishi tu, bali kwamba tulimeza bila kutafuna. Mtu anaweza kujifunza kumpenda Simba, na wakati ule ule kujifunza, bila kuambiwa neno lolote, kwamba uso wake mwenyewe ni uso wa adui.

Haki inadai tuseme na yaliyo upande wa mwandishi. Watu wa Calormen hakuwatwaa Afrika: aliwatwaa katika hadithi za Bagdad na katika nyimbo za kale za Ulaya juu ya Wasarasini, alizozisomea maisha yake yote. Neno la dharau amelitia katika vinywa vya vibete, ambao ni wabaya katika sura hiyo. Aravis, msichana wa Calormen, ana ushujaa kuliko wavulana, na mwishoni anakuwa malkia katika inchi ya weupe. Tena adui wa kitabu cha kwanza ni Mlozi mweupe kama theluji, wala hatujasikia Mzungu aliyelalamika. Yote ni kweli, lakini hayafuti. Mtu mwema hurithi macho ya watu wake, naye Lewis aliyarithi.

Hata hivyo, katika kitabu kile kile, sura chache mbele, yumo Emeth. Ni afisa kijana wa Calormen, mweusi, aliyemtumikia Tash kwa moyo wote tangu utoto na kutamani sana kumwona. Wakubwa wake hawaamini chochote: wanasema Tash na Aslan ni mmoja, wakichanganya hata majina, ili wawatawale wajinga. Emeth anachukia uwongo huo. Anaomba kuingia mlango wa mauti ili amwone mungu wake, hata kama atakufa, na ndani anakutana na Aslan. Anaanguka, akijua amemtumikia adui wa Simba huyu siku zote. Aslan anampokea kama mwana. Anamwambia kwamba utumishi wake wote mwema ulipokelewa na yeye Aslan, na si kwa sababu yeye na Tash ni mmoja, bali kwa sababu wanapingana kabisa, hata tendo jema haliwezi kuwa la Tash.

Wandugu waseminari, someni ukurasa huo polepole, pamoja na Lumen Gentium namba 16. Kitabu kilitoka mwaka 1956. Mtaguso ulitangaza Konstitusio hiyo tarehe 21 Novemba 1964, na ndani yake tunafundishwa kwamba wanaomtafuta Mungu kwa moyo mnyofu, pasipo kosa lao la kutoijua Injili, wanaweza kufikia wokovu. Angalieni jinsi mtunzi wa hadithi alivyokwepa mashimo mawili. Hasemi dini zote ni sawa: hilo ndilo uwongo wa waharibifu wa Narnia. Wala hasemi Emeth ameokoka bila Aslan. Tumewaza juu ya babu zetu waliokufa kabla ya misioni kufika, ambao Wakristu wanatuuliza habari zao kila tunapofundisha juu ya uzima wa milele. Waliosoma Kiebrania watakuwa wameona tayari: emeth ni neno la Maandiko Matakatifu, maana yake ni ukweli. Mwandishi yule yule aliyewachora watu weusi vibaya amempa mmoja wao jina hilo, na kumpa makaribisho ambayo hakumpa mfalme yeyote.

Hatujui kuyapatanisha mambo hayo mawili, na hatuoni kwamba ni lazima. Wengine walitushauri kuruka maneno ya dharau tunapofasiri. Tulikataa kwa wakubwa, tukakubali kwa wadogo.

Kwa anayetaka kuvitumia vitabu hivi: asifuate namba zilizochapwa mgongoni, zinazoanza na kitabu cha mwanzo wa Narnia. Hicho kilitoka mwaka 1955, na kinamdai msomaji awe amekwisha kumpenda Simba. Aanze na Lucy katika kabati. Watoto wa umri wa Komunyo ya kwanza watatosheka na kitabu hicho na sura ya joka. Kitabu cha saba tunakiweka kwa wanafunzi wakubwa wa sekondari, na tunakisoma pamoja nao, sisi tukiwapo, ukurasa wa vibete na ukurasa wa Emeth siku moja.